Maneno ya Kiingereza kwa mtu asiyesema yote: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uganda ina watu wengi wanaosema Kiswahili mchana kutwa, kisha jioni wanatakiwa kuandika ripoti kwa Kiingereza. Kuna karani wa wakala wa forodha pale mpakani Malaba, mkalimani wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, askari anayemwandikia afande wake taarifa, na mwalimu mkuu anayejaza fomu ya tathmini. Wote hukutana na mtu wa aina moja: amekupa habari, lakini jambo lenyewe ulilolihitaji halimo. Unataka kumweleza mtu huyo kwa Kiingereza na neno halipatikani, au linapatikana linalomuumiza kuliko ulivyokusudia. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kwa wanaojifunza kuandika Kiingereza cha kazi.

## Pa kuanzia

1. Je, Kiingereza kina neno moja la mtu anayeacha mambo muhimu anapoeleza?

Hapana. Maneno yanayomgusa mtu huyu ni mengi, ila kila moja limebeba sababu yake ndani. *Vague* linasema maelezo yake hayashikiki. *Reticent* linasema hapendi kusema. *Evasive* linasema anakwepa. *Forgetful* linasema ni msahaulifu. Ukishachagua neno umeshatoa hukumu kuhusu kwa nini hakusema, hata kama hukukusudia kuhukumu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kamusi, jiulize unajua nini kuhusu sababu yake. Kama huijui, usimweleze mtu, eleza ujumbe wake. *Incomplete* ni neno la ujumbe: *an incomplete report*, *an incomplete statement*. Halimshtaki mtu, na kama kweli kuna kitu kimekosekana hakuna wa kukubishia. Nikiombwa ushauri mmoja tu juu ya mada hii yote, ni huo: neno lako lisiseme zaidi ya unachokijua.

2. Nitajuaje sababu kabla sijachagua neno?

Kwa maswali matatu. Je, anajua kwamba mimi sijui? Nikimuuliza moja kwa moja, anajibu? Je, kuna anachopata nisipojua?

Chukua dereva wa lori anayetuma ujumbe: "Bosi, gari imezuiliwa." Basi. Hakuna namba ya gari, hakuna mpaka, hakuna aliyeizuia wala kwa nini, na siku hiyo kampuni ina magari Malaba, Busia na Katuna. Unampigia, "Uko wapi?" Anajibu papo hapo: "Malaba, bosi. Watu wa URA wanataka cheti cha uasili wa bidhaa." (URA ni mamlaka ya mapato ya Uganda.) Huyu hakuwa anaficha kitu. Alisimama mbele ya geti tangu alfajiri, mambo yote anayaona, akadhani na wewe unayaona. Neno lake liko swali la 4.

Lakini akikujibu, "Tulia bosi, nitakueleza nikifika," ukauliza tena na simu ikakatika, umeshahamia swali la 8. Na ikija kujulikana kwamba alipakia mzigo wa mtu mwingine juu ya wako, soma swali la 10 na la 11. Ujumbe ulikuwa ule ule wa maneno matatu. Kilichobadilika ni unachokijua juu yake.

## Asiyejua kwamba ameacha kitu

3. *Vague*, *unclear* na *ambiguous* ni kitu kimoja?

Si kimoja. *Unclear* ni neno pana la chochote kisichoeleweka. *Ambiguous* ni maelezo yenye maana mbili au zaidi: *I will deliver next Friday*, ikiandikwa Jumatano, mmoja ataelewa keshokutwa na mwingine wiki inayofuata. *Vague* ni maelezo yasiyo na kipimo: *I will deliver soon.* Hapo hakuna hata maana mbili za kuchagua.

Ukitumia *vague* kwa mtu, lifunge kwa *about*. *He was vague about the delivery date* ni lawama yenye mpaka, inahusu tarehe tu. *He is vague* pekee yake inamgusa mtu mzima, na masikioni mwa Mwingereza inaweza kumaanisha mtu ambaye akili yake haipo hapo.

4. Mtu anayedhani kwamba ninajua tayari anaitwaje?

Huyu ndiye ambaye watu huuliza habari zake kuliko wote, na ndiye ambaye Kiingereza hakina kivumishi kizuri cha kumwita. Unahitaji sentensi: *He takes it for granted that we know the background*, au *She assumes too much on the reader's part*, au kwa ufupi *He skips the background*. Wanaoandika juu ya mitindo ya uandishi husema *elliptical*, yaani mwandishi anaruka hatua na kumwachia msomaji azijaze. Neno hilo liache kwenye uhakiki wa vitabu. Kwenye ripoti ya bohari halina kazi.

Lipo jina la hali yenyewe, nalo lina faida kubwa: *the curse of knowledge*, laana ya kujua. Wanauchumi Colin Camerer, George Loewenstein na Martin Weber walilitumia katika makala yao ya mwaka 1989 kueleza jinsi anayejua jambo anavyoshindwa kujiweka mahali pa asiyejua. Mwaka uliofuata Elizabeth Newton, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, alilionyesha kwa jaribio rahisi sana. Watu waligonga meza kwa kufuata mapigo ya nyimbo zinazojulikana na kila mtu, wengine wakasikiliza na kutaja wimbo. Nyimbo 120 ziligongwa. Wasikilizaji walitambua 3. Wagongaji walikuwa wametabiri kwamba nusu zingetambuliwa. Anayegonga anausikia wimbo wote kichwani mwake, maneno na ala, na hawezi kuuzima. Anayesikiliza anasikia meza tu.

Ndivyo alivyo fundi anayekuambia "badilisha ile," na ndivyo alivyo daktari aliyeandika vifupisho vitatu kwenye kadi ya mgonjwa. Kwenye ripoti ya mafunzo au ya ajali kazini, *The instructions suffered from the curse of knowledge* inaeleza kosa bila kumwita mtu mzembe. Wenye ujuzi wataisoma bila kununa.

5. *Brief*, *concise*, *terse*, *curt*, *laconic*: lipi ni sifa na lipi ni lawama?

*Concise* na *succinct* ni sifa kamili. Maana yake ni fupi na hakuna kilichokosekana. Nimeona barua nyingi za malalamiko zikisema *Your reply was very concise*, na aliyepokea akashukuru kwa pongezi. Kama jibu lilikosa kitu, usilitumie neno hilo kabisa.

*Brief* linapima urefu tu. *Terse* ni fupi iliyokauka. *Curt* ni fupi yenye ukali, ndani yake kuna kukosa adabu, kwa hiyo ukimwandikia mkubwa kwamba jibu lake lilikuwa *curt* umemwambia hana heshima. *Laconic* ni la mtu wa maneno machache ambaye machache hayo yanatosha. Limetokana na Lakonia, nchi ya Wasparta wa Ugiriki ya kale. Inasimuliwa kwamba Filipo wa Makedonia aliwatishia kuwa akiingia nchini mwao atawaangamiza, wakamrudishia neno moja: "Ikiwa." Jibu hilo halikukosa kitu, ndiyo maana *laconic* huwa na heshima kidogo ndani yake.

6. Na mtu mkimya, mwenye mdomo mzito?

*Reserved* ni la upole: mtu asiyejianika. *Taciturn* ni mkimya kwa tabia, wa shambani na wa mjini sawasawa. *Uncommunicative* ni la ofisini na lina lawama, kwa kuwa linadokeza kwamba kazi yake ilimtaka aseme. *Reticent* hupenda kufuatwa na *about*: *She is reticent about her family.* Wengi siku hizi huandika *reticent to speak*, lakini mwandishi makini ataandika *reluctant to speak* na kuliacha *reticent* kwa anayetunza mambo yake moyoni.

*Tight-lipped* ni la magazeti, kwa mtu anayeongea mengine yote ila hili moja tu amelifungia mdomo.

7. Amesahau tu, hakuna zaidi. Niandike nini?

*It was an oversight.* Hilo ndilo neno la kazi, fupi na lisilo na kinyongo. *Forgetful* ni tabia ya kudumu, na *scatterbrained* lina dharau, usiliweke kwenye tathmini ya mtu. Angalia tu kwamba *oversight* lina maana nyingine kabisa ya usimamizi, kama katika *parliamentary oversight*. Maneno ya jirani ndiyo yatakayomwambia msomaji ni ipi.

## Anayejua, na hasemi

8. *Guarded*, *cagey*, *evasive*, *secretive*: zina tofauti gani?

*Guarded* ndilo jepesi: anapima kila neno kabla ya kulitoa, labda kwa sababu nzuri. *Cagey* ni la mazungumzo: anaogopa kwamba ukijua utamshika nalo. Mdomoni halina shida, lakini barua rasmi haliitaki. *Secretive* ni tabia ya mtu, leo na kesho, kazini na nyumbani, kwa hiyo usiliandike kwa tukio moja.

*Evasive* ni kupiga chenga, na chenga haipigwi bila mpira. Lazima kuwe na swali lililoulizwa. Mtu ambaye hujamuuliza hawezi kuwa *evasive*, hata akinyamaza mwaka mzima. Kwa hiyo kabla ya kuliandika hakikisha swali lako limewekwa kwenye kumbukumbu, na litaje: *When asked on 3 May where the goods were stored, he gave evasive answers.* Ukiondoa sehemu ya mwanzo unabaki na tusi, na mwanasheria wake atakuuliza mbele ya watu ulimuuliza lini.

9. *Economical with the truth* ni adabu au ni tusi?

Ni tusi lililovaa suti. Wazo la kuufanyia ukweli ubahili ni la zamani, Edmund Burke aliandika juu ya *economy of truth* katika karne ya 18, lakini umaarufu wake wa leo ulitoka mahakamani Sydney, Australia, mwaka 1986. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikitaka kuzuia kitabu cha Peter Wright, ofisa wake wa zamani wa ujasusi. Robert Armstrong, Katibu wa Baraza la Mawaziri la Uingereza, alihojiwa kizimbani na wakili Malcolm Turnbull, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Australia. Akiulizwa juu ya barua iliyompa msomaji picha isiyo sahihi, Armstrong alikubali kwamba picha ilikuwa ya kupotosha, akakataa kwamba ulikuwa uongo, na kusema ilikuwa kuwa *economical with the truth*.

Tangu hapo Mwingereza akilisikia anaelewa: "umedanganya, nami nina adabu." Usilitumie ukidhani unapunguza makali.

10. Kila alichosema ni kweli, lakini nilichoelewa si kweli. Hilo linaitwaje?

Tuseme unanunua pikipiki ya boda. Muuzaji anasema ameiendesha mwenyewe, injini haijafunguliwa, matairi ni mapya. Yote kweli. Hakusema kwamba kadi ya umiliki iko kwa mkopeshaji na deni halijaisha. Hukumuuliza, kwa hiyo *evasive* haliingii. Hakutamka uongo, kwa hiyo *liar* atalikataa na atakushinda.

Maneno yako ni haya. *Half-truth* ni ile kauli yenyewe, nusu ya ukweli. *Lie by omission* ni kitendo cha kudanganya kwa kunyamaza, na ni shtaka zito. *Misleading by omission* inasema jambo lile lile bila kudai kwamba unaijua nia yake. Kwa barua, hii ndiyo ninayoipendekeza. *Disingenuous* ni mtu anayejifanya hajui unachotaka kujua.

Na lipo *paltering*, kitenzi *palter*, neno la kale ambalo Shakespeare analo katika Macbeth na watafiti wamelifufua kwa maana hii hasa: kupotosha kwa kutumia kauli za kweli. Mwaka 2017 Todd Rogers na wenzake walichapisha uchunguzi juu yake katika majadiliano ya biashara. Anayefanya hivyo hujiona afadhali kuliko mwongo. Aliyefanyiwa, akigundua, humwona sawa na mwongo. Muuzaji wa pikipiki na mnunuzi hawatakubaliana kamwe juu ya neno, na sasa unajua kwa nini.

Sababu ya ndani ilielezwa na mwanafalsafa wa Uingereza Paul Grice, katika makala yake ya mwaka 1975: watu wakizungumza, kila mmoja hutarajia mwenzake atoe habari kwa kadiri inayohitajika. Matarajio hayo ndiyo muuzaji aliyoyatumia. Kiapo cha shahidi wa mahakama za Kiingereza kililiona mapema, ndiyo maana hakiishii kwenye *the truth*, kinaongeza *the whole truth*.

11. *Omit*, *leave out*, *withhold*, *conceal*, *suppress*: nitumie kitenzi gani?

Yapange kwa joto lake. *Leave out* na *omit* hayana nia. Karatasi inaweza ku-*omit* tarehe kwa makosa ya uchapaji. *Withhold* lina nia: anacho, na amekishika. *Conceal* lina nia na juhudi ya kuficha. *Suppress* lina nia, juhudi na mamlaka: mtu mwenye uwezo wa kuzuia habari isitoke.

Kutoka *omit* hadi *withhold* kuna mlima. Usiupande bila ushahidi.

## Kazini na barabarani

12. Mkubwa wangu ndiye asiyenieleza yote. Niandike vipi bila kumkosea?

Usimtaje yeye, taja kazi. Badala ya *You did not tell me the budget*, andika *To finish this by Thursday, I will need the budget figure and the name of the supplier.* Hakuna *you* wala lawama, na vitu vinavyokosekana vimetajwa kwa majina yao. Nimeona Madam wa ofisi aliyekuwa hajibu chochote akijibu barua ya namna hii kwa dakika chache, kwa sababu haikumtaka ajitetee kwanza.

Kama unataka kuonyesha kwamba huko nyuma uliuliza, sema *further to my message of Monday* na usiongeze kitu.

13. Kati ya *clarify*, *elaborate* na *specify*, nimwombe kwa lipi?

*Clarify* ukiwa na maelezo usiyoyaelewa. *Elaborate* ukiyaelewa na unataka zaidi. *Specify* ukitaka kitu kimoja dhahiri: tarehe, kiasi, jina. Kwa mtu wa swali la 4, *specify* ndilo linalofanya kazi. Ukimwambia *please elaborate* atakuongezea yale yale aliyokwisha kusema.

14. Mimi ndiye ninayeambiwa *you are vague*. Nijirekebishe vipi?

Kwanza jua kwamba si jambo dogo. Usiku wa Januari 25, 1990, ndege ya Avianca namba 52 kutoka Kolombia ilikuwa ikizunguka angani ikisubiri kutua New York, mafuta yakiisha. Rubani msaidizi aliwaambia waongozaji wa ndege walio ardhini kwamba wanahitaji *priority*. Baada ya jaribio la kwanza la kutua kushindikana, alisema *we're running out of fuel*. Hakutamka *emergency*, neno ambalo kwa waongozaji lingefungua njia mara moja. Ndege ilianguka Long Island, na watu 73 kati ya 158 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa Marekani walitaja kushindwa kwa marubani kuwasilisha hali ya dharura ya mafuta, na pia ukosefu wa istilahi moja inayoeleweka kwa marubani na waongozaji. Jambo walilosema lilikuwa kweli. Kilichokosekana ni uzito wake.

Kwa hiyo sema kwa mpangilio wa mambo manne: nini kinatokea sasa, nini kilitangulia, wewe unaonaje, na unaomba nini. Wauguzi wengi wameufundishwa kwa herufi SBAR: *Situation, Background, Assessment, Recommendation*. Ulitoka katika nyambizi za jeshi la majini la Marekani ukaingia hospitalini. Hilo la nne ndilo linaloachwa mara nyingi na watu wetu, kwa kuona haya kuomba. Yule dereva wa swali la 2 angeandika: *Truck held at Malaba since 6 a.m. No certificate of origin in our file. URA will not release without it. Please send a copy today.* Akiongeza namba ya gari, hakuna wa kumpigia kumuuliza.

15. Kiingereza chetu cha Uganda kinachangia?

Kinachangia pale msomaji akiwa mgeni. *He is not around* kwetu inatosha: hayupo, na kama ungepaswa kujua zaidi ungeambiwa. Kwa mtu wa London hiyo ni nusu ya jibu. Yuko likizo? Amefariki? Ametoka kunywa chai? Ataandika tena kuuliza, na akijibiwa vile vile ataanza kufikiria *evasive*. *I am coming*, inayosemwa na mtu anayetoka mlangoni, humchanganya kabisa. Na ukimuuliza mtu mtihani ulikuwaje akasema *somehow*, mwenyeji ameshapata habari yote, mgeni anangoja sentensi iishe.

Sioni sababu ya kukionea aibu Kiingereza hiki, kinaendesha nchi. Ila kwenye barua inayovuka mpaka ongeza kipande kimoja: *He is on leave until 14 June.* Na ukiwa wewe ndiye msomaji, usimpe mwenzako jina la *evasive* kwa jibu ambalo pale soko la Owino, Kampala, lingemtosheleza kila mtu.

16. Kwenye bima na mikataba kuna neno maalumu?

Lipo: *non-disclosure*. Katika bima hata kunyamaza bila kuulizwa kunaweza kukuponza, kwa sababu sheria ya Kiingereza ya bima, ambayo ndiyo mzizi wa sheria zetu, ilijengwa juu ya *utmost good faith*, nia njema kabisa. Jaji Mansfield aliieleza mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm: anayeomba bima ndiye anayejua mambo, kwa hiyo ni juu yake kuyasema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye bima humuumbua mbele ya familia yake siku ya kudai fidia.

Kinachotakiwa kusemwa ni *material facts*, mambo ambayo yangebadili uamuzi wa kampuni kukukubali au kiwango cha kukutoza. Usichanganye na *non-disclosure agreement*, ambayo ni kinyume chake: mkataba wa kutosema.

## Mambo ya pembeni

17. Anasema mengi mno, na la muhimu bado halimo. Huyo je?

*Long-winded* ni mrefu wa maneno, *rambling* hana mwelekeo. Kama anazunguka mbuyu kwa makusudi, *he beats about the bush*. Kama la muhimu limo lakini liko aya ya tisa, waandishi wa habari husema *he buried the lede*, na tahajia hiyo ya *lede* ni yao. Hawa wote wanne wanahitaji dawa moja, kuanza na jambo lenyewe, lakini wa pili kwa kawaida anahitaji pia muda wa kufikiri kabla ya kuandika.

18. Na anayetuma "Nipigie haraka" bila sababu?

Ujumbe wake ni *cryptic*. Ukiwa ni wa kuvuta macho, kama yule anayeandika kwenye status ya WhatsApp "Mungu anaona" na kunyamaza, lipo neno la mitaani *vaguebooking*, lililotokana na Facebook. Kwenye barua ya kazi baki na *cryptic*, na kwa mama yako mzazi usitumie lolote, mpigie.

19. Aliacha kwa heshima, kumsitiri mtu. Hilo si kosa.

Si kosa, na Kiingereza kina maneno ya kumsifu: *discreet*, *tactful*, *diplomatic*. Mwenye kufunika kombe ili mwanaharamu apite ni *discreet*. Angalia tahajia, maana *discrete* ni neno lingine lenye maana ya vitu vilivyotengana, na programu ya kusahihisha haitakuonya.

20. Natafsiri kwa Kiswahili cha Kongo kwenye mahojiano ya wakimbizi. Mhojiwa anaruka mambo, na ofisa ananiuliza kama ni *evasive*. Nijibu nini?

Usijibu kwa neno hilo. Kazi yako ni kufikisha kilichosemwa, na *evasive* ni hukumu ambayo inaweza kumfuata mtu hadi kwenye kamati inayoamua kama anastahili hifadhi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Aliyepitia mabaya hasimulii kwa mpangilio. Huruka, hurudi, hutaja rangi ya mlango na kuacha kilichotokea nyuma yake. Aibu ikiwapo, na ofisa akiwa mwanamume, ataruka zaidi.

Ukilazimika kueleza, eleza ulichokisikia na kukiona: *She did not mention the second night.* Au: *He paused and did not answer.* Au *did not volunteer*, yaani hakusema mwenyewe bila kuulizwa, ambayo inaacha wazi kwamba labda hakuulizwa.

Kuna mahali ambapo mkalimani mwenyewe ndiye anayeacha jambo muhimu, na ni hapa. Mama anasema, "Walinifanyia vibaya." Ukiandika *They treated me badly* umetafsiri maneno sawasawa, na huenda umepoteza ushahidi wote, maana kauli hiyo inaweza kubeba kupigwa na inaweza kubeba kubakwa. Usimchagulie. Tafsiri alivyosema, kisha mwambie ofisa, kwa sauti yako mwenyewe na kwa kujitambulisha kwamba sasa anaongea mkalimani: *The phrase she used can refer to a beating or to rape. She has not said which.* Mweleze na mama kwa Kiswahili ulichomwambia ofisa, asidhani mnamsengenya, halafu mwachie ofisa aulize.